Mtaro Uliozibuliwa Mara Tano

Nilifanya kazi na Bi Karatasi miaka kumi na minne kwenye jengo moja la manispaa, mimi masjala, yeye chumba cha pili baada ya ngazi, na sikumbuki hata siku moja aliyoanza yeye kunisalimu. Ukimsalimu anaitika, basi, hakuongezei neno. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nasimulia habari za rafiki yangu. Hatukuwa marafiki.

Jina hilo alipewa kwa ajili ya kazi yake. Kila Alhamisi alizunguka idara zote na daftari lake la jalada gumu, akiuliza maswali mawili: wiki hii mmefanya nini, na wiki ijayo mtafanya nini? Ijumaa asubuhi anayachapa majibu kwenye karatasi moja, mbele na nyuma, yenye kichwa "Kazi za Wiki". Analeta kwangu nigonge muhuri, halafu inatolewa nakala na kubandikwa kwenye ubao wa lango letu, sokoni, zahanati, kituo cha mabasi na kwenye ofisi za mitaa yote kumi na mmoja ya mji wetu huo mdogo wa pwani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno "Imeandaliwa na", kisha jina lake kamili. Wakuu wa idara hawakuandikwa majina. Aliyejulikana mji mzima ni yeye.

Kwa hiyo alichukiwa kotekote. Mtu wa taa za barabarani akimwona anakuja koridoni anaingia chooni na kujifungia. Mkaguzi wa afya alimjibu huku akitazama dirishani. Watu wa bustani kila wiki walimpa sentensi moja, "Miti imekaguliwa", naye kila wiki aliwauliza, "Imekaguliwa ikakutwaje?" Huko nje nako hakupumua. Akienda kununua mkate, mtu nyuma yake kwenye foleni anapaza sauti: "Huyu ndiye aliyetuambia maji yatarudi Jumanne. Bi, Jumanne ya mwaka gani?"

"Kamuulize aliyeyafunga," anajibu bila kugeuka. "Mimi kazi yangu kuandika."

Jibu lake lilikuwa hilohilo kwa kila mtu. Na nadhani aliliamini, mpaka siku mdogo wake alipompandia ofisini.

Huyo mdogo wake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na chumba cha kushonea Mtaa wa Chini, ule ulio nyuma ya ukuta wa bahari, ambako mtaro wa maji machafu unapita chini ya barabara mbele ya milango ya watu. Kwa miezi miwili bahari ilipokuwa ikijaa, hasa siku za bamvua, inapojaa kuliko kawaida, maji ya mtaro yalipanda juu na kuingia vyumbani. Mdogo mtu alishainua cherehani zake zote tatu juu ya matofali. Asubuhi hiyo alikuta mzigo mzima wa sare za shule, alizokuwa amezipanga chini usiku uliotangulia, umelowa maji yale.

Alikuja nao. Tulimsikia kabla ya kumwona, viatu vyake vikilia chepe chepe kwenye ngazi. Alipita masjala bila hodi, akaingia kwa dada yake, nasi sote tukasogea mlangoni kama watu wasio na kazi.

"Soma," alisema, akamwekea mezani karatasi aliyoichana ubaoni.

"Nimeiandika mwenyewe, niisome ya nini?"

"Soma, dada. Kwa sauti. Hapa."

Bi Karatasi akasoma: "Idara ya Ujenzi. Mtaro wa Mtaa wa Chini umezibuliwa na kusafishwa."

Mdogo wake akabwaga furushi la sare juu ya meza. Maji meusi yakatiririka kwenye daftari, kwenye faili, yakadondoka sakafuni. Harufu ilitufikia mpaka mlangoni.

"Umezibuliwa," alisema. "Haya. Na hii ni nini?"

"Nimeletewa na idara. Sikuyatunga."

"Nimekuuliza nani kakuletea? Hili jina hapa chini ni la nani? La idara? Hili ni jina alilokupa mama! Mtaa mzima wananiuliza, dada yako hana macho? Nawajibu nini mimi?"

"Toka ofisini kwangu."

"Natoka. Lakini sare hizi zifue wewe."

Akaondoka. Bi Karatasi akatugeukia pale mlangoni. "Na nyinyi mmelipwa kuja kutazama?" Tukatawanyika. Aliniambia baadaye, na aliniambia kwa sababu nilimuuliza mara tatu, kwamba saa ile hasira zake zote zilikuwa kwa mdogo wake, kwa kumwaibisha mbele ya watu. Hakufikiria mtaro hata kidogo. Alipoufikiria ilikuwa jioni, nyumbani, akiwa ameinamia beseni anasugua sare za watoto wa watu. Mumewe, aliyekuwa dereva wa kreni bandarini kabla ya kustaafu, alikuja mpaka mlango wa uani, akavuta pumzi, akasema, "Mke wangu, kama ndivyo unavyonukia mtaro uliozibuliwa, wasije wakasahau kuuziba." Akarudi ndani. Hakucheka, wala mkewe hakucheka.

Kesho yake alinijia kutafuta nakala za wiki zilizopita. Nilimtolea faili kwa kununa maana ilinibidi nipande ngazi ya rafu. Akahesabu. Katika wiki kumi, mtaro wa Mtaa wa Chini ulikuwa umezibuliwa mara tano.

Jumanne akaenda kuutazama. Watu wa mtaa walipomwona na daftari lake walitoka nje. Seremala wa pale, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu, ndiye aliyempokea.

"Karibu, Bi. Leo umekuja kuandika kwamba tunaogelea kwa hiari yetu?"

Bi Karatasi akampita. Alitafuta mfuniko wa chemba ya mtaro, akaukuta mbele ya duka la mdogo wake. Lami ya kiraka cha barabara ilikuwa imemwagwa juu yake, imekauka, imeziba ukingo wote kama gundi. Pale lami ilipoachia upenyo, nyasi zilikuwa zimeota, ndefu kama kidole. Mfuniko huo haukufunguliwa wiki hiyo, wala mwezi huo, na pengine mwaka huo. Alipiga magoti, akaukwangua kwa funguo zake za nyumbani mbele ya watu wote. Mdogo wake alikuwa ndani akishona. Cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Hakutoka.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja yadi ya magari, kwa msimamizi wa mitaro. Huyo tulimwita Buti, kwa kuwa hakuna aliyepata kumwona bila viatu vya mpira, hata kwenye harusi ya binti yake. Alimkuta amekaa kivulini mwa gari la kunyonya maji taka. Matairi yalikuwa yamelala. Juu ya mpira wake wa kunyonyea, paka alikuwa ananyonyesha.

"Mzee, gari hili lina muda gani hapa?"

Buti alimtazama. "Dada, unataka kujua au unataka kuandika?"

"Vyote."

"Basi mimi sijui kitu."

Bi Karatasi akakaa kando yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikaa nusu saa bila kusema neno, na Buti, ambaye hakuzoea kukaliwa hivyo, mwishowe alishindwa.

"Pampu imekufa," alisema. "Tangu kabla ya mvua. Mkuu aliwaambia madiwani imeshatengenezwa. Sasa akisema haizibui, ataulizwa gari liko wapi. Kwa hiyo kwenye karatasi inazibua."

"Na wewe na watu wako? Mna fito, mna mitaimbo."

"Hatukutumwa. Tukienda kwa mkono, watu watauliza gari liko wapi. Nimekwambia." Akatema mate pembeni. "Usiandike jina langu."

"Sijawahi kuandika jina la mtu yeyote isipokuwa langu," alisema Bi Karatasi.

Mkuu huyo ni Mkuu wa Idara ya Ujenzi. Barabara, mitaro na ukuta wa bahari, vyote vyake. Tulimwita Kifua, kwa kuwa kifua chake kilifika mlangoni kabla ya yeye mwenyewe kufika. Alhamisi Bi Karatasi aliingia kwake kama kawaida, akafungua daftari, ambalo kurasa zake zilikuwa bado na mawimbi ya yale maji.

"Wiki hii mmefanya nini, Mkuu?"

"Andika kama wiki iliyopita."

"Mtaro wa Mtaa wa Chini?"

"Umezibuliwa."

"Nimeuona. Mfuniko una lami juu."

Kifua akaweka kalamu chini. "Umeuona kama nani? Wewe mhandisi?"

"Hapana."

"Wewe ni mchapaji. Mashine ya kuchapa haiulizi maswali. Andika umezibuliwa, ufunge mlango ukitoka."

Alitoka. Mlango hakuufunga.

Ijumaa alileta karatasi masjala nigonge muhuri. Kwa kawaida sisomi, nani asome habari za miti iliyokaguliwa? Lakini siku hiyo nilisoma. Chini ya Idara ya Ujenzi aliandika: "Mtaro wa Mtaa wa Chini haukuzibuliwa. Matoleo matano yaliyosema umezibuliwa hayakuwa ya kweli. Mfuniko haujafunguliwa." Nilimtazama. Alikuwa anatazama muhuri, si mimi.

Niligonga. Watu wamewahi kunisifu kwa hilo na nikaziacha sifa zipite, lakini hapa niseme kweli: sikugonga kwa ushujaa. Kifua aliwahi kuninyima ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yangu. Nilitaka kumwona atakavyofanya.

Alikuja juu kama moto wa kifuu. Kabla ya saa nane mchana alikuwa mlangoni mwa Bi Karatasi na ile karatasi mkononi, anapiga kelele mpaka watu wa ghorofa ya chini wakatoka.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nilikwenda kwa miguu yangu."

"Utaandika sahihisho. Leo hii. Utaandika kwamba lilikuwa kosa la uchapaji."

"Herufi gani niliyokosea?"

Mtu mmoja kati yetu alicheka. Sijui nani, na Kifua hakujua, lakini kicheko kile ndicho kilichomuumiza kuliko karatasi. Aligeuka akatutazama mmoja mmoja. "Tutaona," alisema, "nani atakaa na nani ataondoka."

Wiki iliyofuata ilikuwa chungu. Sisemi kwamba Kifua alimpangia kila mtu la kufanya. Hakuhitaji. Wakuu wengine walifanya hesabu yao wenyewe: leo mtaro, kesho taa zangu. Alhamisi Bi Karatasi alipozunguka, kila mlango aliukuta umefungwa au mwenyewe "yuko nje". Bustani, hata miti hawakuikagua. Kwenye chumba cha chai watu walihamisha vikombe alipokaa. Kiti chake alikikuta koridoni asubuhi moja, akakirudisha mwenyewe. Siku ya pili kikombe chake cha udongo, ambacho alikuwa nacho kabla mimi sijaajiriwa, kilikuwa kwenye pipa la taka kimevunjika mkono. Sikukitupa mimi. Lakini nilimwona aliyekitupa, na sikusema.

Naye hakuomba msaada wala huruma. Angeomba pengine mmoja wetu angelegea. Alitutazama kama mtu anayetazama ukuta unaohitaji rangi.

Ijumaa hiyo nilikatazwa kugonga muhuri. Niliambiwa na msaidizi wa Kifua, nikatii. Bi Karatasi alisimama dirishani kwangu na karatasi yake, nikamwambia, "Siwezi." Akaichukua, hakuniuliza sababu, akaenda kuibandika bila muhuri. Nilishuka kuisoma ubaoni. Ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuandika:

"Idara ya Taa: haikutaka kusema. Idara ya Bustani: haikutaka kusema. Idara ya Afya: haikutaka kusema. Idara ya Ujenzi: haikutaka kusema. Mtaro wa Mtaa wa Chini bado haujazibuliwa. Mwandishi aliutazama jana. Imeandaliwa na," na jina lake.

Mji mzima uliisoma. Wengine walicheka, lakini Mtaa wa Chini hawakucheka. Jumatatu saa tatu asubuhi waliingia langoni zaidi ya watu thelathini, kila mmoja na ndoo. Mlinzi aliwauliza wanakwenda wapi, wakamwambia wanaleta mzigo wa Mkuu wa Ujenzi. Walipanda ngazi taratibu wasimwage, wakazipanga ndoo mbele ya mlango wa Kifua, mstari baada ya mstari, zimejaa maji ya mtaro mpaka ukingoni. Seremala alikuwa mbele. Nyuma yake alikuwa yule fundi cherehani, na alipopita chumba cha dada yake hakugeuza shingo.

Kifua alifungua mlango. Kifua kilitoka, kikasimama.

"Mkuu," alisema seremala kwa adabu kubwa, "tumekuletea kilichozibuliwa."

"Nitaita askari!"

"Waite. Ndoo ya askari iko pale mwisho."

Mkurugenzi wa manispaa alishuka kutoka ghorofa ya juu amebana pua kwa leso. Alikuwa mtu wa maneno laini, asiyependa ugomvi ufike kwenye zulia lake. Aliwasikiliza, akatazama ndoo, akamtazama Kifua, akauliza swali moja tu: "Gari liko wapi?" Kifua akaanza kueleza. Alieleza kwa muda mrefu. Hakuna aliyeelewa.

Jumatano watu sita wa Buti walifika Mtaa wa Chini na mitaimbo, wakavunja ile lami na kuinua mfuniko. Walifanya kazi kwa mkono siku nne, kwa fito na ndoo na kamba. Maji yalipoanza kwenda, mtaa mzima ulisikia, sauti kama mtu anayemeza. Hayo ndiyo yaliyokwenda vizuri, na laiti mambo yangeishia hapo.

Lakini Buti, akipakia uchafu kwenye toroli, alikuta kitu akamwita Bi Karatasi, aliyekuwa amesimama pale kila siku na daftari lake. Katikati ya mchanga na chupa za plastiki palikuwa na bonge kubwa kama gunia, gumu, limesukika. Buti alilipasua kwa sepetu. Lilikuwa vitambaa: vipande vya pembeni, mikunjo, mabaki ya mkasi. Bluu ya sare, kijani ya sare, maua ya magauni. Ya miaka. Sakafuni mwa chumba cha fundi cherehani palikuwa na tundu la kutolea maji ya kudekia kwenda mtaroni, na kila jioni alipofagia, alifagilia humo.

"Hili nalo unaandika?" Buti alimuuliza kwa sauti ya chini. "Ni mdogo wako, dada. Niachie mimi, nitalitupa."

Akaandika. Karatasi ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, ambayo nilirudishiwa ruhusa ya kuigonga, ilisema: "Mtaro wa Mtaa wa Chini umezibuliwa kwa mkono, siku nne. Gari la idara halifanyi kazi. Katika uchafu uliotolewa kulikuwa na mchanga, plastiki, na vipande vingi vya vitambaa vilivyopitishwa kwenye tundu la chumba cha kushonea."

Mtaa wa Chini kulikuwa na chumba kimoja tu cha kushonea.

Kifua alipata furaha yake pale. Alitembea na karatasi hiyo kutwa nzima akiwasomea watu: mnaona, wenyewe ndio walioziba! Na majirani waliopanda ngazi pamoja na fundi cherehani, wamebeba ndoo pamoja naye, sasa walisimama mlangoni kwake wakamtupia maneno yaleyale waliyomtupia dada yake. Seremala ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Wateja wawili walichukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa.

Fundi huyo alikwenda nyumbani kwa Bi Karatasi Jumamosi mchana. Hakukaa.

"Ulishindwa kuacha mstari mmoja?"

"Ulikuja ofisini kwangu ukataka kweli."

"Mimi? Mimi nilitaka mtaro!" alisema. "Wiki ngapi ulimwandikia yule mwanamume uongo, ukaona sawa? Tano. Ukaanza ukweli kwangu mimi. Mdogo wako."

"Nilianza kwake."

"Ukamalizia kwangu."

Mume wa Bi Karatasi alijaribu: "Shemeji, kaa kwanza unywe chai." Akamwambia, "Shemeji, chai kunywa na mkeo, na iandike." Akatoka. Bi Karatasi alinihadithia haya kwa sura kavu kama gogo, lakini aliponifikisha hapo alisimama, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Pale hakukosea," alisema. "Zile tano niliziandika kweli."

Mwezi uliofuata Mkurugenzi alimwita juu. Alimkaribisha kiti, alimwita dada, alimwambia amefanya kazi nzuri mno na kwamba dirisha la makaburi linahitaji mtu makini. Hakumfukuza. Kifua naye hakufukuzwa. Alipewa gari jipya la kunyonya, na kwa kuwa lilinyonya, mambo yake yakasahaulika. "Kazi za Wiki" iliendelea kutoka kila Ijumaa, ikiandaliwa na "Ofisi". Miti ilianza tena kukaguliwa.

Dirisha la makaburi liko ghorofa ya chini, karibu na choo cha umma. Alikaa pale miaka mitatu, mpaka alipostaafu, akiandika nani kazikwa wapi, safu ya ngapi, upande gani. Nasikia madaftari yale hayana kosa hata moja. Mdogo wake alihamisha cherehani zake, akapanga chumba upande wa juu wa mji, mbali na bahari, na kazi ikarudi polepole.

Wiki yake ya mwisho nilishuka kumuaga. Hakuna aliyenituma, nilikwenda tu. Nikamuuliza kama siku hizi mdogo wake anamsalimu.

"Kwa ncha ya ulimi," alisema.

"Na wewe?"

"Naitika."

Nilikuwa na jambo la kumwambia kuhusu kile kikombe. Nilifungua mdomo. Akatazama nyuma ya bega langu, ambako mwanamume mmoja alikuwa amesimama na cheti cha kifo mkononi, akaniambia nisogee, kuna mtu anasubiri.